Sentensi Nzima

Walimu wenzangu mliobaki na chaki mikononi, mlinivisha khanga, mkanipa saa ya ukutani, na mwalimu mkuu akahutubia kwamba nimelea vizazi. Saa nimeitundika sebuleni. Inakimbia mbele dakika kumi kila wiki, lakini mstaafu hana anakochelewa. Mliniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili darasa la kwanza na la pili, huku milimani ambako mtoto anaingia shule na Kishambaa chake kamili na Kiswahili cha kuombea maji. Nitaandika. Vyeo nitaviruka, kwa sababu nilipata viwili tu na vyote vilinizidishia vikao. Mengine nitayasema, pamoja na lile ambalo hamkulijua siku ile mliponipigia makofi.

Nilipanda milima hii nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Basi lilinishusha Lushoto, na kesho yake nikapata nafasi mbele ya lori la mbao lililokuwa linarudi tupu Shume. Dereva aliniuliza kama nimebeba sweta. Nilikuwa nimebeba magauni mawili ya pamba na kiburi. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga mjini, na Kiswahili sikufundishwa na mtu. Nilikikuta nyumbani pamoja na vyombo. Kwa hiyo niliamini kwamba anayekisema vibaya ni mvivu au hasikii.

Shule ilikuwa na madarasa ya udongo na bati, na ofisi moja ya walimu yenye jiko la mkaa. Asubuhi ukungu uliingia darasani, watoto wa nyuma ukawasikia tu bila kuwaona. Siku ya kwanza nililiuliza darasa la pili nani atanieleza alichofanya jana nyumbani. Hatimaye mtoto mmoja akasimama, akasema, "Mimi nilila kiazi, halafu ng'ombe zikaja, zikala kabichi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na darasa zima likainamisha vichwa. Nataka mjue kwamba nilianza kazi hivyo, kwa kumcheka mtoto.

Wakati wa chai Mwalimu Elia alinifuata. Alikuwa Mshambaa wa palepale, mwalimu wa darasa la nne, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye koti la sufu alilolivaa masika na kiangazi.

"Umecheka nini, Mwalimu Saumu?"

"'Nilila', Mwalimu! Nani amewafundisha 'nilila'?"

"Hakuna. Ndiyo maana usicheke. Mimi sijawahi kusema hivyo mbele yao, wewe hujasema, redio haijasema. Ametengeneza mwenyewe. Amesikia nilipika, nililima, nililala, akaona njia inapita pale, akaifuata. Hawa hawakosei ovyo. Wanakosea kwa utaratibu."

Nikamjibu kwamba kosa lenye utaratibu ni kosa vilevile. Akanywa chai yake. Hakuwa mtu wa kubishana; alikuacha na maneno yako uyasikie mwenyewe.

Alikuwa na daftari dogo la jalada la kijani ambalo halikumtoka mfukoni. Kila ukurasa aliugawa kwa mstari katikati. Kushoto aliandika maneno ya mtoto kama yalivyotoka mdomoni, na kulia akaandika kichwa cha habari kilekile siku zote: "Kanuni yake." Sahihisho hakuliandika popote. Nilidhani ni uvivu wa uzeeni.

Mimi nilikuwa na kifaa changu. Nilimwomba fundi wa kiwanda cha mbao anikatie kipande cha mbao ya msindano upana wa kiganja, nikakitoboa, nikatia kamba, nikaandika kwa rangi nyekundu: NIMEKOSEA. Anayesema Kishambaa ndani ya uwanja wa shule anavaa kibao shingoni mpaka amsikie mwingine akikisema, ndipo amvike. Mimi mwenyewe nilivishwa kibao cha aina hiyo sekondari, kwa ajili ya Kiingereza, na nilikichukia. Bado nilikitengeneza. Sina maelezo ya hilo, msiniulize.

Na kulikuwa na sheria ya mlango. Hii niliitunga mwenyewe na nilijivunia kuliko kibao. Mtoto anayekuja ofisini abishe hodi, asubiri karibu, atoe shikamoo, asubiri marahaba, kisha aseme shida yake kwa sentensi nzima ya Kiswahili. Akikosea popote, anatoka nje na kuanza tena na hodi. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliipenda. Mkaguzi alipokuja aliona watoto wanavyopanga mstari mlangoni wakinong'ona na kujisahihisha, akaandika maneno mazuri kwenye kitabu cha wageni.

Katika muhula mmoja Kishambaa kiliisha uwanjani. Nilisema wameelewa. Mwalimu Elia alisema wamenyamaza, na kwamba mapumziko ya watoto hayatakiwi kuwa na utulivu wa matanga. Nilimwona mkongwe anayeshikilia kabila.

Aliyevaa kibao mara nyingi kuliko wote aliitwa Tabita. Alikuwa wa darasa la pili, mfupi, jino la mbele limevunjika pembe, na domo lake halikupumzika. Mtoto anayesema sana hukosea sana, hesabu yake ni rahisi. Dada yake, Debora, alikuwa darasa la nne kwa Mwalimu Elia. Nikagundua kwamba Tabita akishavaa kibao, Debora humpitia karibu na kumsemesha Kishambaa kwa sauti, makusudi, ili kibao kihame shingo. Debora alikaa nacho hadi jioni bila kulalamika. Niliona jambo lile, nikaelewa vizuri kabisa nini kinafanyika, nikamchapa Debora fimbo mbili kwa udanganyifu.

Mwaka wangu wa pili, masika, Jumatatu, niliamua kumaliza habari ya "ng'ombe zimekuja". Nilichora ubaoni ng'ombe, mbwa, nyoka na nyuki. Nikawaambia, "Sikilizeni siri. Kila kinachoweza kukuuma au kukuumiza, kiite kama unavyomwita mtu. Mbwa amekuja. Nyoka amelala. Nyuki amemuuma dada." Waliimba hivyo saa nzima. Tabita aliimba kuliko wote. Niliona ni njia ya mkato yenye akili, na nilitoka darasani nimejipenda.

Alhamisi ilikuwa siku ya kazi za mikono. Wakubwa walitumwa kwenye ngema, genge la udongo lililo chini ya shule, kuchimba udongo mweupe wa kupaka kuta, na wadogo waliubeba kwa ndoo. Ngema ile ilikuwa imechimbwa miaka na miaka kutokea chini, juu ikabaki imetokeza kama ukingo wa paa. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Mwalimu wa zamu anatakiwa asimame pale wanapochimba. Nilisimama kidogo, nikasikia baridi, nikarudi ofisini kusahihisha madaftari kando ya jiko.

Tabita aliingia mbio bila kubisha hodi.

"Toka," nilimwambia, bila kuinua kichwa. "Anza vizuri."

Alitoka. Alibisha. Nikasema karibu. Akaingia, hakunisalimu, akaanza kunimwagia Kishambaa, maneno mengi kwa pumzi moja. Kishambaa changu kilikuwa cha salamu tu. Nilivuta kibao kutoka kwenye msumari, nikamvika, nikamwonyesha mlango.

Alirudi. Hodi. Karibu. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Kwenye nywele alikuwa na unga mweupe, nami nikadhani wamerushiana udongo. Alisema, "Dada... udongo..." akakwama.

"Dada udongo ndiyo nini? Dada amefanya nini? Sentensi nzima, Tabita. Nenda ukaipange."

Akatoka. Hakurudi haraka. Nilimsikia nje ya mlango akinong'ona, akirudia, akianza upya, na nakumbuka niliridhika kwamba anajifunza. Nilisahihisha daftari moja na nusu. Nimeupima muda huo mara nyingi maishani kwa madaftari ya watoto wengine, saa ikiwa mbele yangu, na sitawaambia ni dakika ngapi.

Mwalimu Elia ndiye aliyemkuta, alipokuwa anatoka darasani kufuata chaki. Nilimsikia akimuuliza kwa Kishambaa, na yeye akamjibu kwa Kishambaa, maneno machache. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: mzee yule anakimbia, na anapiga kelele kuita watu na majembe. Nikatoka. Wachimbaji wengine walikuwa wanafukua kwa mikono chini kule, na hakuna mtu mzima aliyekuwapo ila aliyekuwa anakimbia.

Debora alikuwa chini ya udongo. Walimtoa. Mama mmoja aliyekuwa analima viazi jirani alimfuta uso kwa khanga yake, akamlaza, akamfunika kwa khanga ileile. Kuna walionifariji baadaye kwamba alikufa palepale ulipoporomoka, kwamba hata tungewahi isingesaidia. Hakuna aliyejua. Mwanafunzi mmoja alisema aliusikia mkono wake ukiwa na nguvu mwanzoni. Nilimwambia akae kimya.

Tulirudi ofisini, mimi na Mwalimu Elia, kutafuta kitabu cha mahudhurio ili tuandike taarifa. Mlango ulikuwa wazi. Tabita alikuwa amesimama nje yake na kibao shingoni, maana hakuna aliyemwambia kazi yake imekwisha.

"Hodi," alisema.

Hatukujibu. Alisubiri, kisha akaingia.

"Shikamoo Mwalimu. Udongo amemfunika dada."

Sentensi nzima, kichwa na miguu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia kosa. Mdomo wangu ulifunguka kusahihisha. Mwalimu Elia aliniangalia, na mdomo ukafunga wenyewe.

Taarifa iliandikwa kwamba ni ajali ya mvua. Haikuwa uongo, ila ilikuwa fupi. Mwalimu Elia aliweka kalamu chini akaniuliza, "Habari ya mlango utawaambia wewe wazazi, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi," nilijibu.

Akaniamini.

Msibani nilikaa mkekani na wanawake, nimejifunika khanga mpaka machoni. Ng'ambo ya ukuta mwembamba baba yao alikuwa anamuuliza Tabita. Watoto walikuwa wamemweleza kwamba ngema ilipoanguka tu, Tabita alipanda mbio kuita mwalimu. Sasa yeye alitaka kujua kilichomchelewesha. "Kutoka chini hadi shule ni hatua mia. Ulikuwa wapi? Ulisimama kucheza?" Aliuliza kwa Kishambaa, lakini mwanamke aliyekaa kando yangu alinitafsiria taratibu kwa heshima, kama mgeni asiyetakiwa kupitwa na kitu. Tabita hakujibu. Niliyekuwa na jibu ni mimi, na nililimeza na uji.

Siku ya nne jirani yao aliniletea ofisini kifurushi cha gazeti. Ndani kilikuwamo kibao. Mama yao alikuwa amekivua shingoni mwa mtoto jioni ile ya msiba, akakiosha kwa sabuni, akakirudisha kwa kuwa ni mali ya shule. Nilikitia kwenye jiko la mkaa. Kiliwaka vizuri, msindano una mafuta.

Tabita alirudi shule, akakaa dawati la mbele, akaandika vizuri, asiseme neno. Nilimwita kwa upole, nikampa pipi, nikafuta sheria ya mlango. Vyote bure. Nilikuwa na uwezo wa kumfungua kwa maneno machache mbele ya wazazi wake, na kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Mwisho wa mwaka wa tatu nikaomba uhamisho, nikapewa shule ya karibu na Lushoto mjini, ambako ndiko nyinyi mlinikuta. Mwalimu Elia alinisindikiza hadi kituoni na sanduku langu kichwani, mtu mzima yule. Hakuuliza kama nimesema. Alijua sijasema.

Miaka kadhaa baadaye alifariki, na mtoto wake akaniletea daftari la kijani, kwamba marehemu aliagiza. Nilikaa kitandani nikalisoma mwanzo hadi mwisho. "Nilila": kanuni yake, kama nilipika. "Ng'ombe zimekuja": kanuni yake, kama nguo zimekuja, na kama lugha ya kwao. "Kijana hiki": kanuni yake, kama kitabu hiki, anasikia mwanzo wa neno. Kurasa na kurasa, na hakuna kosa hata moja lililokosa kanuni. Karibu na mwisho nikakuta mwandiko wake umelala zaidi. Kushoto: "Udongo amemfunika dada." Kulia: "Kanuni yake: kinachoumiza huitwa kama mtu. Amefundishwa Jumatatu."

Basi. Mtoto yule, na unga wa ngema kichwani, alikuwa ametumia somo langu. Alilichukua kutoka kwa nyoka na nyuki akalipeleka mahali ambapo mimi sikulipeleka, na kwa kipimo nilichompa mwenyewe alikuwa sahihi. Nililia siku ile kuliko nilivyolia msibani.

Tangu hapo nilifundisha kwa daftari lile, na haya ndiyo ya kazi ninayoweza kuwapa. Mtoto akikosea, andika kwanza, sahihisha baadaye, na mara nyingi utakuta hakuna haja ya kusahihisha. Muombe akupe neno la pili na la tatu la namna hiyo. Akikosea yote kwa njia moja, shangilieni, huyo ameshika kanuni na sasa kinachobaki ni kumsikilizisha yasiyofuata kanuni. Hayo hayafundishiki kwa kuimba. Yanaingia kwa kusikiwa mara nyingi. Mtakumbuka mlivyonishangaa nilipokuwa nasema "nilikula, tulikula, walikula" siku nzima kama mwenye njaa. Neno linalosikika kila siku mtoto hulibeba jinsi lilivyo. Linalosikika kwa nadra hulichonga mwenyewe. Watoto wangu wengi waliwahi kusema "alikufa" sawasawa kabla ya "alikula", na kwa vijiji vyetu sikuona ajabu.

Na mnakumbuka kibwaso. Ni mdudu asiyekuwapo duniani. Nilimchora kwenye kadi ya boksi la sabuni. Huyu ni kibwaso. Wakija wawili? Mtoto ambaye hajawahi kulisikia neno hilo anakwambia "vibwaso" bila kufikiri, na hapo unajua kwamba ana kitu kichwani ambacho hakukipata kwa kukariri. Nilipata mtoto mmoja, mtoto wa afisa, ambaye alijibu mtihani wote bila kukosa hata nukta. Nilipomwonyesha kibwaso akaniambia, "Hatujafundishwa." Huyo ndiye niliyemwogopea. Wenzangu walimpa zawadi ya daftari kubwa.

Nilijifunza na Kishambaa. Nilianza nikiwa na miaka arobaini, kwa wanawake wa sokoni, na niliupata utamu wa kuchekwa. Nilikosea kwa utaratibu, nikichukua njia za Kiswahili na kuzipitisha mahali ambapo hakuna njia. Hakuna aliyenitoa nje ya mlango.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu nilishuka Mazinde kumwona mgonjwa, nikasimama barabarani kununua viazi kwa mama mmoja aliyevishusha kutoka Shume. Tuliongea. Nilimuuliza kama anaifahamu familia ile.

"Ya Tabita Mchelewa?" akasema. "Mama yao alifariki mwaka jana. Mzee yupo."

"Mchelewa ndiyo nini?"

"Ndivyo anavyoitwa, Mwalimu, tangu udogo. Alitumwa kuita watu dada yake alipofukiwa, akacheza njiani. Baba yake hamtaji kwa jina mpaka leo. Chakula Tabita ndiye anayempikia, nguo ndiye anayemfulia, lakini mzee akimtaka anasema mwite yule."

Nilisahau chenji yangu. Jina zima limetengenezwa kutokana na ukimya wangu, na nchi nzima inalisema kwa ufasaha.

Kwa hiyo wiki mbili baada ya hotuba zenu nilipanda gari la Shume. Nyumba ilikuwa ileile, imeongezwa chumba na bati. Tabita alikuwa mlangoni anachambua maharage, mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, jino bado lina pembe yake. Mtoto wake wa mwisho, wa kike, alikuwa kando yake na sare ya shule. Nilisimama ukingoni mwa uwanja, nikabisha hodi. Alinitazama. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Shikamoo Mwalimu," alisema, na akasimama wima kama anasubiri kitu. Sikuistahili ile shikamoo. Nikaijibu, kwa kuwa kutoijibu kungemwongezea aibu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima ndani ya gari, kwa Kishambaa, kwa sababu niliona ni haki yake aisikie kwa lugha niliyomkataza. Nikaanza. Nikasema kwamba alikuja mapema, na mbio. Kwamba aliniambia kwa Kishambaa nikamvika kibao, na kwamba aliniambia kwa Kiswahili nikamfukuza. Kwamba aliyechelewa ni mimi. Nilikosea maneno, nikarudi nyuma, nikayapachika upya, na yule mtoto wa sare akaangua kicheko, akafungua mdomo kunisahihisha.

"Mwache amalize," Tabita alimwambia.

Nikamaliza. Yeye alikuwa ameshika ungo na maharage hayakutikisika.

"Nilijua hivyo," alisema mwishoni. "Ila nilikuwa mdogo. Nikaanza kudhani labda nilicheza kweli. Mama alikuwa ananiuliza kila mwaka siku ile ikifika, na mimi sikuwa na uhakika tena." Akaweka ungo chini. "Mama ameshaondoka, Mwalimu."

Nikamwambia najua. Nikamwambia naomba msamaha. Alijipangusa mikono.

"Baba yupo chumba cha nyuma," alisema. "Hasikii vizuri. Utarudia mpaka aelewe."

Alinipeleka. Mzee alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na moto, blanketi mabegani. Nilibisha hodi, nikasubiri, nikatoa shikamoo, nikajitambulisha. Nilisema mara ya kwanza, akasogeza sikio. Nilisema mara ya pili kwa sauti, akauliza mtoto gani, mlango gani. Mara ya tatu nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka majumbani mwao, nikayasema yote tena, hodi ya kwanza hadi ya mwisho, kibao, madaftari, jiko, na jina langu.

Mzee aliusukuma ukuni ndani ya moto. Kisha akamtazama yule mjukuu wa sare.

"Niitie Tabita," alisema.

Alikuwa amesimama nyuma yangu.